Mcheza kwao hutunzwa: barua ya wazi kwa waandaaji wa makongamano ya uchumi Arusha na Moshi

Kwenu Wakuu wa Vyuo, Wakurugenzi wa taasisi za utafiti, Wakuu wa Idara za Uchumi, na ninyi wenyeviti wa kamati zinazoandaa makongamano ya uchumi katika mikoa yetu ya Arusha na Kilimanjaro.

Shikamooni kwa wale mnaostahili shikamoo yangu. Wengine nawasalimu kwa heshima na upendo.

Mara ya kwanza nilipoingia katika kongamano kubwa la uchumi mjini Arusha, nilikuwa nimeshonewa sare ya kitenge na nimesimama nyuma ya meza ya usajili. Nilikuwa mkufunzi msaidizi, mwaka wa pili kazini. Tulikuwa mabinti sita. Tuligawa mikoba na kalamu, tukatia tiki majina ya washiriki, tukawaelekeza wageni njia ya kwenda kwenye chai. Chini ya ile meza, ndani ya pochi yangu, ilikuwamo nakala ya andiko langu la kurasa thelathini na moja kuhusu fedha ya ndizi katika kaya za Kibosho. Ikisiri yake, yaani muhtasari, nilikuwa nimeituma kwa kamati ileile miezi mitatu kabla, wala sikupata jibu. Vijana wawili wa kiume tulioajiriwa nao siku moja walikuwa ndani ya ukumbi, wanawasilisha mada zao.

Sidhani kama kuna mtu alikaa akatupangia njama. Mtu alisema tu kikaoni, "Mabinti watatusaidia mapokezi," na wote wakaona ni sawa. Miaka imepita mingi. Mwaka jana nilikwenda kwenye kongamano jingine, nikapokelewa mlangoni na binti niliyemfundisha mwenyewe, mwenye shahada ya umahiri ya uchumi, naye yuko ndani ya sare ya kitenge. Aliniamkia, akanipa mkoba. Nikamuuliza, "Mada yako iko kikao cha ngapi?" Akainamisha macho, akajibu, "Mwalimu, mimi niko mapokezi." Usiku ule ndipo nilipoanza kuiandika barua hii.

Arusha haina njaa ya mikutano. Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, kimekuwa kikipokea wageni tangu 1978 katika majengo yaliyojengwa yawe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyovunjika 1977. Jumuiya ya sasa mkataba wake ulisainiwa hapahapa Novemba 30, 1999, na makao yake yako hapahapa. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilileta Arusha mkutano wake mkuu wa mwaka, na magavana wa benki kuu na mawaziri wa fedha wakajaa mjini. Tuna ESAMI, taasisi ya menejimenti ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, tuna Chuo cha Uhasibu, na ukishuka Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza 1963 kama chuo cha kuwafunza watu wa vyama vya ushirika. Huu ndio mji ambao Azimio lake la Februari 1967 liliigeuza njia ya uchumi wa nchi nzima. Wachumi wa dunia hupanda ndege mbili tatu kuja kuzungumza hapa. Binti wa Moshi anahitaji basi moja, kilomita kama 80, na bado hafiki jukwaani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tunachezewa ngoma uani kwetu, na watoto wetu tumewapa kazi ya kutandika mikeka.

Naomba niwaeleze wasomaji wengine, wasio wa vyuoni, kwa nini dakika ishirini za kusimama mbele ya watu ziwe jambo la kuandikiwa barua. Mhadhiri hapandi cheo kwa kufundisha vizuri. Anapanda kwa machapisho. Andiko ambalo halijawahi kusomwa na watu wa nje ya idara yako ni kama unga ambao haujachekechwa: wewe unaona mweupe, mwenzako anaona pumba. Unapowasilisha kwenye kongamano, mtu wa Kampala anakuonyesha kosa kwenye hesabu yako kabla mhakiki wa jarida hajalitumia kukutupa nje. Mtu wa Nairobi anakwambia ana takwimu zinazofanana na zako, mnaandika pamoja. Mhariri anakusikia, anakumbuka jina lako. Mkurugenzi wa mradi anakufuata kwenye foleni ya chai na kukuuliza kama una nafasi Septemba. Hayo yote hayamfikii aliyeko mapokezi. Baada ya miaka kumi tunakaa kwenye kamati za ajira tunasema kwa masikitiko, "Tungependa kumpandisha mwanamke, lakini hawana machapisho."

Mimi nilipata jukwaa miaka minne baada ya lile kongamano la kitenge. Nilipangwa Ijumaa saa kumi jioni, kikao cha mwisho, chumba cha pembeni. Wageni wengi walikuwa wameshaondoka kuwahi ndege au Ngorongoro. Walibaki watu saba, wawili wakiwa wafanyakazi wa ukumbi wanaosubiri kukunja nyaya. Slaidi ya pili tu nikakatizwa. Ya tatu nikakatizwa tena. Mzee mmoja aliniambia, "Subiri kwanza binti, hilo la ndizi ni la mama zetu sokoni, uchumi uko wapi hapo?" Mwenyekiti wa kikao alicheka. Nilifika slaidi ya tisa kati ya ishirini na mbili, muda ukaisha. Nilirudi Moshi na basi la usiku nimeegemeza kichwa dirishani, nimeshaamua kuomba kazi benki.

Kwa muda mrefu niliamini kosa lilikuwa langu. Baadaye ndipo nilipokuja kusoma kazi ya Pascaline Dupas, Alicia Modestino, Muriel Niederle na Justin Wolfers, iliyotoka 2021. Waliwatuma watu wakae katika semina za uchumi za vyuo vikubwa, wahesabu kila swali na waandike liliulizwa kwa namna gani. Wakakuta kwamba wanawake wanaowasilisha huulizwa maswali mengi kuliko wanaume, na maswali wanayoulizwa yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya ukali au ya kumdharau anayeulizwa. Hizo ni semina za Marekani, zenye watu waliosomea vyuo ambavyo sisi tunavisikia tu. Heather Sarsons naye alichunguza jinsi wachumi wa huko wanavyothibitishwa kazini, akaona mwanamume hupata sifa ileile akiandika peke yake au na mwenzake, ila mwanamke akiandika pamoja na wanaume, sifa yake hupungua. Nilipoyasoma haya nilimkumbuka yule mzee, na nikajiona nimekuwa nikibeba peke yangu mzigo wa watu wengi.

Sikwenda benki. Nitasema kwa nini, maana hapa ndipo ombi langu lilipo.

Jumatatu iliyofuata alinipigia simu mama mmoja, mchumi, ambaye wakati huo alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Alikuwa mmoja wa wale saba. Hakuniambia pole. Aliniambia, "Lete andiko lako nyumbani Jumamosi, na usile, nitapika." Nilipofika alikuwa amelisoma lote kwa penseli. Majedwali kumi na nne aliyapunguza yakabaki matatu. "Hayo mengine," alisema, "ni woga. Umeyaweka ili watu waone umefanya kazi. Weka lile moja linalowanyima usingizi." Kisha akanisimamisha sebuleni, akaweka simu mezani ikihesabu dakika, akanisikiliza. Kila niliposema "nadhani" au "labda" aligonga meza na kijiko. Alinifundisha kumjibu anayekukatiza: unamtazama, unamwambia swali lake liko slaidi ya sita, unaendelea. Alinifundisha kuandika jibu kwa wahakiki, hoja moja baada ya nyingine, hata ile iliyokuuma. Alinifundisha kusoma barua ya kukataliwa hadi mwisho, kwa sababu mara nyingi katika aya ya mwisho mhariri anakuwa amekuachia mlango wazi. Aliniambia ni kazi zipi za kamati nikubali na zipi nikatae, maana binti hawezi kuwa katibu wa kila kikao cha idara na bado aandike.

Lile andiko lilichapishwa miezi kumi na sita baadaye. Mama yule hakulipwa kitu. Hakupewa hata saa moja ya nafuu katika vipindi vyake. Chuo hakikujua kwamba alikuwa ananilea.

Kwamba malezi ya aina hii yanazaa matunda, si hadithi yangu peke yangu. Kamati ya wanawake ya Chama cha Wachumi cha Marekani ilianzisha 2004 mpango unaoitwa CeMENT. Wahadhiri wanawake walio mwanzoni mwa kazi waliomba, walikuwa wengi kuliko nafasi, hivyo ikapigwa kura ya bahati nasibu kuamua nani aingie na nani abaki nje. Walioingia walikaa siku mbili katika vikundi vidogo na wachumi wanawake waliotangulia, kila mmoja akiwa amesoma andiko la mwenzake kabla ya kufika. Siku mbili tu, na mawasiliano baadaye. Kwa kuwa ilikuwa kura, waliweza kulinganisha makundi mawili kwa haki. Francine Blau, Janet Currie, Rachel Croson na Donna Ginther walitoa matokeo ya awali 2010: baada ya miaka mitano, kundi la kwanza la walioingia lilikuwa na machapisho matatu zaidi kwa wastani kuliko wenzao waliobaki nje, na uwezekano wa kuchapisha kwenye majarida ya juu kabisa ulikuwa mkubwa kwa pointi 25 za asilimia. Walipowafuatilia tena miaka kadhaa mbele, walikuta walioingia wameendelea kubaki katika taaluma zaidi ya wenzao. Tazameni gharama yake: siku mbili, chakula, vyumba vya kulala, na watu wazima waliokubali kusoma kazi za vijana. Sisi warsha ya siku mbili ya kutathmini mpango mkakati hutumia zaidi ya hapo, na mpango wenyewe hurudi kabatini.

Sasa nauli. Najua mambo ya nauli yanaonekana madogo kwa mtu mwenye gari la ofisi. Mhadhiri msaidizi akikubaliwa kuwasilisha, anaambiwa ajilipie ada ya ushiriki, usafiri na malazi, kisha alete risiti arudishiwe. Arudishiwe lini? Nina risiti zangu ambazo wino wake umeshafutika. Wanaume wadogo nao wanaumia na utaratibu huu, sikatai, lakini wao hulala watatu chumba kimoja Kaloleni au kwa rafiki Sakina. Binti hawezi kuambiwa akajitafutie pa kulala mji wa watu usiku, halafu kesho asimame safi mbele ya magavana. Wapeni masurufu kabla ya safari. Hiyo tu ingewatoa wengi mapokezi.

Na mtoto. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini anastahili hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Katika makongamano yenu mmeona wapi chumba cha kunyonyeshea? Mwanangu wa pili alikuwa na miezi minne nilipokubaliwa kuwasilisha Arusha. Nilipoomba nauli, nilijibiwa na mkubwa wangu wa wakati huo kwa sauti ya huruma kabisa: "Mwaka huu pumzika mama, unanyonyesha." Hakunikataza, alinihurumia, na huruma ile ilinigharimu mwaka mzima. Nilikwenda kwa fedha zangu pamoja na wifi yangu. Nilinyonyesha ndani ya Noah ya kukodi kwenye maegesho, kati ya kikao cha asubuhi na changu, vioo vimefunikwa kanga. Nilipopanda jukwaani maziwa yalikuwa yanavuja na koti nimelifunga vifungo vyote katika joto lile. Niliwasilisha vizuri siku ile. Ningependa binti zangu wawasilishe vizuri bila hayo.

Claudia Goldin, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi 2023, alipekua kumbukumbu za miaka mia mbili za wanawake wa Marekani, akaonyesha kwamba siku hizi sehemu kubwa ya pengo la mapato kati ya mwanamke na mwanamume wa kazi ileile huanza anapozaliwa mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza wa mchumi wetu huzaliwa lini? Huzaliwa kati ya shahada ya umahiri na ya uzamivu, wakati uleule ambao ninyi mnatangaza nafasi za watafiti chipukizi na kuandika "asizidi miaka 35". Mwanamke aliyelea watoto wawili akaanza uzamivu na miaka 34 ni chipukizi, lakini kwa tangazo lenu ameshazeeka. Hesabuni miaka tangu alipopata shahada, na kwa kila mtoto mwongezeeni muda. Kalamu moja tu inafuta sharti lile, haihitaji bajeti.

Najua mtakalojibu, kwa sababu nimelisikia katika kila kikao: wanawake hawaombi. Tangazo la kuita ikisiri hupitia wapi? Linamfikia mkuu wa idara, analirusha kwenye kundi la simu la watu aliosoma nao, linamfikia binti siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, tena kwa bahati. Na anayeomba mara mbili bila kujibiwa hata kwa mstari mmoja, mara ya tatu haombi. Jibuni kila mtu. Anayekataliwa mwambieni kilichokosekana. Ikisiri zisomwe majina yakiwa yamefunikwa. Wengine watasema tunataka kushusha ubora. Mimi nataka watu wasome lile andiko la kurasa thelathini na moja kabla hawajaamua liko chini ya ubora gani.

Nirudi kwenye ndizi, maana yule mzee aliniuliza uchumi uko wapi na nadaiwa jibu.

Huku mlimani, tangu wakulima wa Kilimanjaro walipounda chama chao cha kahawa 1925 na baadaye KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, 1933, kahawa imeandikwa kwa jina la baba. Pesa yake huingia kwa msimu, kwa risiti, na serikali inaihesabu. Ndizi za kihamba kilekile, shamba la nyumbani, ni za mama. Zinauzwa mkungu kwa mkungu, wiki kwa wiki, na ndizo zinazonunua chumvi, daftari na dawa ya kikohozi. Dodoso la kawaida humtafuta mkuu wa kaya na kumuuliza kaya imepata kiasi gani. Mkuu wa kaya anataja kahawa. Fedha ya ndizi hajui, na hata akijua hataisema mbele ya mgeni. Hivyo nusu ya maisha ya nyumba inabaki nje ya takwimu, halafu tunakaa Arusha tunajadili kipato cha kaya.

Christopher Udry alionyesha 1996 hasara ya kuichukulia kaya kama mtu mmoja. Alilinganisha mashamba ya mume na ya mke wa nyumba moja nchini Burkina Faso, zao lilelile, mwaka uleule, akakuta ya wanawake yanapata mbolea na nguvukazi kidogo, na kwamba kwa mgawanyo huo mbaya karibu asilimia 6 ya mavuno hupotea. Udry ni mwanamume, nami nafurahi kumtaja. Swali zuri linaweza kuulizwa na yeyote. Ila mtu aliyelelewa na pesa ya ndizi hahitaji kusafiri kulitafuta swali hilo. Amekua nalo. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa Nobel ya uchumi, aliipata 2009 kwa kuonyesha jinsi watu wa kawaida wanavyotunza misitu, maji na malisho yao kwa kanuni walizojiwekea wenyewe. Bibi wa Machame anayejua zamu ya maji ya mfongo, mfereji wa asili wa kumwagilia, ni ya nani Jumanne na ya nani Alhamisi angemwelewa bila mkalimani. Tuzo ile ilianza 1969. Hadi kufikia Goldin ilikuwa imeshatolewa kwa watu 93, na wanawake ni watatu. Mjukuu wa yule bibi yuko darasani kwangu. Ana akili, ana takwimu, ana swali. Hana mtu wa kumsikiliza kwa dakika ishirini.

Kuna jambo lingine, na nitaliandika waziwazi kwa sababu barua ya malezi isiyolitaja ni ya hatari. Mabinti wengi wanaogopa kulelewa kitaaluma na wakubwa wa kiume kwa sababu wanajua, au wamesimuliwa, jinsi msaada wa kitaaluma unavyogeuka kuwa madai chumbani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 imeitaja rushwa ya ngono kuwa kosa. Mkianzisha mpango wa ulezi, wekeni kanuni zake kwa maandishi: mikutano ifanyike ofisini au mahali pa wazi, mlelewa aweze kubadilishiwa mlezi bila kuulizwa sababu, na awepo mtu wa nje ya idara wa kupelekewa malalamiko. Wapo wanaume waadilifu wengi ambao wangelea vizuri na wanajizuia wasije wakasemwa. Kanuni hizo zitawalinda hata wao.

Wale walezi nao walindwe na uchovu. Wanawake maprofesa wa uchumi katika mikoa yetu miwili ni wachache mno. Tukiwapa kila mmoja mabinti kumi tutawamaliza. Kila mlezi, mwanamke au mwanamume, apewe wawili, kwa miaka miwili, na saa hizo zihesabiwe katika mzigo wake wa kazi na zionekane siku anapoomba kupanda cheo. Mlezi asome andiko wiki tatu kabla ya kongamano. Mlelewa afanye mazoezi mbele yake angalau mara moja. Siku ya kuwasilisha mlezi awemo chumbani, viti vya mbele. Hilo la viti vya mbele nalisisitiza. Mtu anayekutazama anayejua slaidi yako ya sita ina nini, anakuondolea woga.

Na ninyi wenyeviti wa vikao, mna kengele mezani. Mpeni kila mtoa mada dakika kumi za kwanza bila kukatizwa, yeyote awaye. Msiwapange wasichana wote Ijumaa jioni. Msiwawekee kikao chao cha pembeni kiitwacho cha wanawake, ambako watasikilizana wenyewe kwa wenyewe. Wachanganyeni na wakubwa asubuhi ya siku ya kwanza, wakati ukumbi umejaa, na kila mada iwe na mchambuzi aliyeisoma. Kazi ya mapokezi igawanywe sawa, au walipwe watu wa kazi hiyo.

Mama aliyenilea alishatangulia mbele za haki. Sijapata namna ya kumlipa isipokuwa kufanya alivyofanya. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, wanakuja nyumbani kwangu Moshi wahadhiri wasaidizi wanne. Mmoja anachunguza jinsi wanawake wa vikoba wanavyopangiana mikopo. Mwingine anafuatilia bei ya mahindi sokoni Mbuyuni. Wa tatu amekaa na wapagazi wa mlima kujua mshahara wao unaishia mikononi mwa nani. Wa nne, yule binti wa sare ya kitenge, anaandika juu ya parachichi za Siha na mashamba ya kahawa yanayong'olewa kuzipisha. Mtoto wa mmoja wao hulala chumbani kwangu wakati mama yake anafanya mazoezi. Mimi nina kijiko na simu inayohesabu dakika.

Ikisiri zao nne ziko tayari, nimezisoma kwa penseli. Niambieni nizitume wapi.

Wenu katika kazi,

Mhadhiri wa uchumi, Moshi